Bi Mkaguzi Anajibu: Serikali Ikiwa Kampuni, Mwenye Hisa ni Nani?

Toleo lililopita niligusia taasisi za umma zinazojiendesha kwa hasara, na barua zikamiminika. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti, kwa hiyo safari hii nimeziweka pamoja. Nimezifupisha. Majina nimeyaacha kwenye jalada langu.

SWALI: Shikamoo Bi Mkaguzi. Nina biashara ya vifaa vya ujenzi niliyoianza na mtaji mdogo, na leo nimeajiri watu. Kila nikienda kuhuisha leseni nazungushwa. Leo mtandao uko chini, kesho mwenye kusaini yuko kwenye semina, keshokutwa jalada halionekani. Kwangu mtu akimzungusha mteja namna hiyo, jioni hiyo hiyo anakabidhi funguo. Kwa nini serikali isiendeshwe kama biashara? Iwe na mkurugenzi mtendaji anayelipwa vizuri, ipimwe kwa faida, mvivu aondoke, idara inayokula hasara ifungwe. Mbona ni jambo rahisi?
*Mfanyabiashara aliyechoka*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuzungushwa. Huyo wa semina sina la kumtetea. Hakuna sababu ya leseni kuchukua wiki wakati taarifa zako zote zimo humo humo ofisini. Estonia walishalimaliza hilo: tangu 2001 kanzidata za idara zao zimeunganishwa, na kanuni yao ni kwamba mwananchi haombwi tena taarifa ambayo serikali tayari inayo. Ritani ya kodi inamfikia mtu ikiwa imeshajazwa, yeye anahakiki na kubonyeza. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kuzungushwa ndiyo tabia ya serikali. Ni uzembe, na una jina lake.

Hata hivyo dawa unayoiandika inatibu ugonjwa mwingine.

Nilikagua hesabu za umma sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilipostaafu, kampuni moja ya usafirishaji ikanichukua kuwa mkaguzi wa ndani. Siku moja asubuhi mwenye kampuni aliinua simu, na kufika mchana malori mapya yalikuwa yamelipiwa malipo ya awali. Hakukuwa na zabuni, wala kamati ya tathmini, wala bei tatu za kulinganisha. Nikauliza muuzaji ni nani. Shemeji yake. Nikaandika hoja ya ukaguzi kama nilivyozoea, nikampelekea. Akaisoma hadi mwisho, akacheka, akasema, "Mama, hela ni zangu na shemeji ni wangu."

Na alikuwa sahihi kabisa! Akipata hasara, inamuuma yeye. Akimpendelea shemeji, anajipunguzia mwenyewe. Lakini mchukue mtu yule yule, na simu ile ile, umweke kuwa afisa masuuli wa wizara, yaani mwenye dhamana ya fedha zake, halafu uone. Hapo hela si zake, shemeji bado ni wake, na wanaoumia hawajui hata kama simu ilipigwa. Kasi unayoipenda kwenye biashara inatokana na mwenye mali kuwepo mezani. Serikalini mwenye mali ni watu wote, na watu wote hawaenei kwenye meza moja, ndiyo maana wanawakilishwa na karatasi.

Zile saini kwenye hati ya malipo zinazokukera, mimi nazisoma kama makovu. Ya mtunza stoo ipo kwa sababu kuna mahali mali ililipiwa na haikufika. Ya mwenye kushika daftari la kasma, yaani vifungu vya bajeti, ipo kwa sababu fedha ya dawa iliwahi kulipa posho. Anayeandaa malipo hawezi kuwa yeye yule anayeyaidhinisha, kwa sababu alikuwepo bwana aliyejiandalia, akajiidhinishia, akajilipa, na risiti akajiandikia. Zipo saini zisizo na kazi tena na zinafaa zifutwe. Ila kabla hujafuta hata moja, uliza iliwekwa baada ya wizi gani.

Sasa tuje kwenye faida, maana hapo ndipo penye shida kubwa zaidi. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, ulipewa karibu kila kitu unachokiomba wewe kwenye barua yako. Hali yake ya fedha ilikuwa mbaya, jimbo likauwekea mameneja wa dharura, mmoja baada ya mwingine, wenye mamlaka kuliko meya na madiwani waliopigiwa kura. Kazi yao ilikuwa kubana matumizi. Aprili 2014 mji ukaacha kununua maji yaliyosafishwa kutoka Detroit, ukaanza kuvuta ya Mto Flint. Kwenye daftari ilionekana ni akiba ya mamilioni ya dola. Maji yale yalikuwa yanakula mabomba, na dawa ya kuzuia kutu haikuwekwa, hivyo madini ya risasi yakaanza kumomonyoka kutoka kwenye mabomba ya zamani na kuingia kwenye maji ya kunywa ya watu karibu 100,000.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho huwa nakirudia kila ninapoulizwa swali lako. Watu walilalamikia rangi, wakalalamikia harufu, wakaambiwa maji ni salama. Kisha, Oktoba 2014, kiwanda cha injini cha General Motors kikagundua vipuri vyake vinapata kutu, kikaomba kuunganishwa na chanzo kingine cha maji, na kikaunganishwa. Vyuma vikaokoka. Wakazi waliendelea kunywa yale yale mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2015. Baadaye fidia iliyokubaliwa walipwe watu wa mji huo ilipita dola milioni 600, lakini hiyo haikuwemo kwenye hesabu ya akiba.

Umeona nani aliyetendewa kama mteja? Ni yule aliyekuwa na pa kwenda. Mteja wako akiudhika anavuka barabara kwa jirani yako, na woga wa kumpoteza ndio unaokunyoosha. Mkazi wa mji hahami bomba. Silaha yake ni kura na kelele, na pale Flint kura ndiyo iliyokuwa imewekwa kando ili kazi iende haraka.

Kuhusu kufunga idara inayokula hasara: chini kabisa ya korongo la Grand Canyon kuna kijiji cha Supai, cha watu wa kabila la Wahavasupai. Hakifikiki kwa gari. Posta ya Marekani hupeleka barua na vifurushi huko kwa misafara ya nyumbu, na stempu ya barua ya Supai bei yake ni ile ile ya New York. Kwa hesabu za duka njia hiyo ingefungwa leo. Na Oktoba 1977, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, aliugua ndui. Akapona, na hakuna mwingine aliyepata ugonjwa huo kwa njia ya asili baada yake. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imetokomezwa. Wewe ni mfanyabiashara, niambie: ungeweka fedha kwenye mradi ambao ukifanikiwa sana, mteja wa mwisho anaondoka na harudi tena milele?

La mwisho kwako. Biashara ina haki ya kufa. Marekani, karibu nusu ya biashara mpya zinakuwa zimefungwa kabla ya kutimiza miaka mitano, na uchumi unaendelea, maana wengine huchukua nafasi. Tunaziona zilizobaki tunasifu ufanisi wa biashara, zilizokufa hatuzihesabu. Serikali ikifilisika hakuna jirani wa kuvuka barabara na kumfuata.

SWALI: Bi Mkaguzi, mimi ni mwanafunzi. Kwenye mdahalo darasani nilisema serikali haijawahi kuendeshwa na kampuni kwa hiyo hatuwezi kujua ingekuwaje. Mwalimu akatabasamu tu. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita*

JIBU: Alitabasamu kwa sababu imekwishafanyika, tena zaidi ya mara moja, na moja ya mara hizo ni pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki.

Anza na kubwa yao. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipewa hati ya kifalme mwaka 1600 ifanye biashara. Mwaka 1765 mfalme wa Wamughali, waliokuwa watawala wa India, akalazimika kuikabidhi haki ya kukusanya kodi ya Bengal, mashariki mwa nchi hiyo, na hapo kampuni ya wenye hisa walioko London ikawa serikali ya mamilioni ya watu. Miaka michache tu baadaye, 1769 hadi 1770, mvua zikagoma na njaa ikaingia. Mtawala mwenye kuogopa watu wake angesamehe kodi na kufungua maghala. Kampuni iliendelea kudai kodi yake, maana gawio la wenye hisa lilikuwa linasubiriwa. Waliokufa wanakadiriwa kwa mamilioni. Na usidhani hata faida yenyewe ilidumu: kufika 1772 kampuni ilikuwa inabisha hodi kwa serikali ya Uingereza ikiomba mkopo wa kuiokoa. Ilinyang'anywa utawala wa India mwaka 1858.

Huku kwetu, kampuni ya Wajerumani iliyoanzishwa na Carl Peters ilipata hati ya kulindwa na serikali yao mwaka 1885, na mwaka 1888 ikachukua usimamizi wa pwani na ushuru wa forodha kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Haikumaliza mwaka bila vita. Bushiri bin Salim na wenzake waliwasha moto kuanzia Pangani, kampuni ikazidiwa, serikali ya Ujerumani ikaleta askari chini ya Hermann von Wissmann, Bushiri akanyongwa Desemba 1889, na Januari 1891 serikali ikachukua utawala wenyewe. Kaskazini ya hapo, kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon ilipewa hati mwaka 1888, ikashindwa kumudu gharama, na mwaka 1895 ikasalimisha eneo kwa serikali yake na kulipwa fidia.

Sisemi kwamba serikali zilizofuata zilikuwa za heri, wanaozijua wanajua. Nakuonyesha jambo la kihesabu tu. Kila kampuni iliyojaribu kutawala ilifika mahali gharama za kutawala zikaanza kula gawio: barabara, usalama, mahakama, njaa. Na kila ilipofika hapo, iliwakamua watu au ilikimbilia serikali. Ukirudi darasani, waulize wenzako kwa nini hakuna hata moja iliyobaki.

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni mtumishi wa umma. Mkuu wetu mpya ametoka sekta binafsi na ametuletea mfumo wa alama. Kila ofisa anapimwa kwa idadi ya majalada aliyofunga kwa mwezi, na mwenye majalada mengi picha yake inabandikwa ukutani. Tangu uanze, tunaonekana tunafanya kazi mara mbili, lakini kwenye benchi la wageni naona sura zile zile. Nikose usingizi?
*Ofisa wa kaunta*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukose usingizi kidogo, halafu uanze kuandika.

Nilikagua ofisi yenye mfumo wa namna hiyo. Rejesta ilikuwa inameremeta: majalada karibu yote yameandikwa "limeshughulikiwa". Nikaomba machache niyasome ndani. La kwanza lilikuwa limefungwa kwa maneno "mhusika arejee ofisi ya awali". La pili lilikuwa limefungwa kwa kuhamishiwa dawati la jirani, ambako lilifunguliwa upya kwa namba nyingine. Mama mmoja mwenye shauri moja la mirathi alikuwa ameipatia ofisi ile alama tatu, na shauri lake lilikuwa halijaguswa. Hakuna aliyesema uongo hata neno moja. Walipimwa kwa kufunga, wakafunga.

Wakubwa nao yamewakuta. Uingereza iliweka lengo kwamba mgonjwa anayefika idara ya dharura asikae zaidi ya saa 4, na kuanzia mwaka 2004 hospitali zilitakiwa kulifikia kwa wagonjwa 98 kati ya 100. Foleni zilipungua kweli, na nataka nilitaje hilo kwa haki yake. Lakini saa ilianza kuhesabiwa mgonjwa akikabidhiwa kwa hospitali, na kuna hospitali ambazo magari ya wagonjwa yalijikuta yanasubiri nje mlangoni yakiwa na wagonjwa ndani. Na katika hospitali ya Stafford uchunguzi rasmi uliotoa ripoti mwaka 2013 ulieleza jinsi uongozi ulivyokazania bajeti na malengo huku wodini wagonjwa wakikosa hata maji ya kunywa na mtu wa kuwasafisha.

Wala mkuu wenu asikutishie na sekta binafsi alikotoka. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwabana wafanyakazi wake wauze akaunti nyingi kwa kila mteja, na mwaka 2016 dunia ikaambiwa kwamba walikuwa wamefungua mamilioni ya akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Ni ugonjwa ule ule wa ukuta wenye picha.

La kufanya: mshauri mkuu wenu, kwa adabu na kwa maandishi, kwamba kila namba ya kasi ibandikwe pamoja na namba inayoidhibiti. Majalada yaliyofungwa yakae mstari mmoja na majalada yaliyorudi. Na ofisa anayemwona mtu yule yule mara ya tatu apewe nafasi ya kueleza kwa nini, bila kuadhibiwa kwa kueleza. Kama atakataa, weka nakala ya barua yako. Wakaguzi huja.

SWALI: Kwa nini mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha ofisi za serikali zinanunua matairi?
*Muuza matairi (silalamiki, nauliza tu)*

JIBU: Nimecheka peke yangu. Wananunua kwa sababu fedha isiyotumika hurudi hazina, na mwakani watapangiwa pungufu kwa hoja kwamba hawakuihitaji. Anayebana matumizi anaadhibiwa, anayemaliza anaongezewa. Niliwahi kufunguliwa stoo iliyojaa wino wa mashine za kuchapa ambazo ofisi ilikuwa imeziuza kwa mnada. Makatoni yalikuwa bado na utepe wake.

Hapa, sasa, mfanyabiashara aliyechoka wa barua ya kwanza ana la kutufundisha. Mali bila daftari huisha bila habari, na serikali nyingi zina daftari la fedha inayoingia na kutoka lakini hazina daftari la mali. Ukiuliza idara imetumia kiasi gani mwaka huu utajibiwa hadi senti. Ukiuliza ina nini, kinachakaa kwa kasi gani, na inadaiwa nini, kimya. New Zealand walilivunja hilo kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 1989: idara zikaanza kutoa hesabu kama za kampuni, zenye mizania (orodha ya mali na madeni), uchakavu wa majengo, na pensheni zitakazodaiwa kesho. Ukiwa na mizania, wino wa mashine isiyokuwepo unaonekana ni hasara, badala ya kuonekana ni "bajeti imetekelezwa".

Lakini New Zealand hao hao walipitiliza upande mwingine. Aprili 1995, katika hifadhi ya Paparoa, jukwaa la kutazamia mandhari mahali paitwapo Cave Creek liliporomoka na watu 14 wakafa, wengi wao wanafunzi. Lilikuwa limejengwa na idara ya hifadhi yenyewe. Tume ikakuta idara imebanwa fedha na kutakiwa kutoa mengi kwa kidogo. Hakuna mhandisi aliyehusishwa. Boliti zilikuwepo, ila siku ya ujenzi mashine ya kutobolea matundu haikufika eneo la kazi, wakapigilia misumari. Mizania haina mstari wa misumari iliyopigiliwa mahali pa boliti.

SWALI: Bi Mkaguzi, mwenzio nimechoka na wanasiasa ambao hawajawahi kulipa mshahara wa mtu hata mmoja. Je, tusichague tajiri aliyejenga kampuni yake mwenyewe? Mtu aliyeshiba haibi.
*Mpiga kura*

JIBU: Aliyeshiba haibi? Umeishi wapi, ndugu yangu?

Mchukue Thaksin Shinawatra, bilionea wa mawasiliano aliyekuwa waziri mkuu wa Thailand kuanzia 2001. Alijinadi kama mkurugenzi wa nchi, na hata magavana wa majimbo akawapa hadhi ya wakurugenzi watendaji. Januari 2006 familia yake iliuza hisa zake za kampuni kwa takriban baht bilioni 73 kwa kundi lililoongozwa na Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, na faida ya mauzo hayo haikutozwa kodi. Sheria ilikuwa inaruhusu. Watu wakajaa mitaani, na Septemba mwaka huo jeshi likampindua, jambo ambalo pia silisifu. Ila ukimuuliza mwanakijiji wa Thailand anamkumbuka Thaksin kwa lipi, atakutajia matibabu ya baht 30, mpango uliomwezesha maskini kutibiwa kwa ada isiyokaribia gharama hata kidogo. Kitu kilichompa jina ni kile ambacho kampuni yake isingethubutu kukiuza kwa bei ile.

Au Andrej Babiš wa Jamhuri ya Cheki, aliyeingia kwenye siasa akiahidi kuendesha dola kama kampuni. Wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walimkuta na mgongano wa maslahi, kwa kuwa kampuni aliyoijenga ilikuwa inapokea ruzuku huku yeye akiwa madarakani. Unamwona shemeji wa malori?

Utajiri wa mtu haukwambii lolote kwa upande wowote. Herbert Hoover alitajirika kwa madini, akaingia ikulu ya Marekani mwaka 1929, na mdororo mkuu wa uchumi ukamshinda. Harry Truman duka lake la nguo za kiume lilikufa mwaka 1922 na akabaki analipa madeni kwa miaka. Huyo naye akawa rais. Kwa hiyo tajiri mchague ukipenda, lakini mwulize maswali mawili kabla ya kura: kampuni yako utaiacha mikononi mwa nani, na zabuni za serikali itaendelea kuomba? Akikujibu kwa hadithi ya alivyoanza na mtaji wa mfukoni, hajakujibu.

SWALI: Angalau kodi zikusanywe na kampuni binafsi, zipewe asilimia. Ubaya uko wapi?
*Mshauri wa biashara*

JIBU: Wafalme wa Ufaransa walikuwa na wazo hilo. Waliukodisha ukusanyaji wa kodi kwa kundi la matajiri: mfalme alipata kiasi kilichokubaliwa mapema, wao wakakusanya, na kilichozidi kikawa chao. Kwa mfalme ilikuwa raha. Kwa mlipakodi, kila senti aliyokamuliwa zaidi ilikuwa faida ya mtu anayebisha mlangoni. Mfumo ukafutwa mwaka 1791 katika mapinduzi, na tarehe 8 Mei 1794 kundi la wakusanyaji hao likapelekwa kukatwa vichwa Paris. Miongoni mwao alikuwa Antoine Lavoisier, mmoja wa wanakemia wakubwa kuliko wote waliopata kuishi. Kompyuta, benki, mashine za risiti, vyote nunueni kwa kampuni binafsi na mzilipe vizuri. Mamlaka ya kumwambia raia "unadaiwa" yasilipwe kwa asilimia.

SWALI: Shikamoo mama. Nimechaguliwa kuwa mjumbe wa bodi ya taasisi ya umma na mimi si mhasibu. Nikiletewa hesabu nene, niangalie nini kwanza ili nisidanganywe?
*Mjumbe mpya*

JIBU: Marahaba, na hongera. Usianzie mbele. Kurasa za mbele zina picha za viongozi na maneno mazuri.

Nenda kwenye madeni ya wazabuni na uulize la zamani kuliko yote lina umri gani. Taasisi inayosema imebana matumizi huku ikiwa haijawalipa watu waliokwisha kuihudumia haijabana kitu, imekopa kimyakimya kwa muuza karatasi na fundi bomba. Kisha tafuta fedha ya matengenezo, mwaka huu na miaka iliyotangulia. Ikishuka huku mapato yanapanda, kuna mtu anatengeneza faida kwa kula majengo. Uliza pia masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha walizotangulizwa watumishi kwa ajili ya kazi, yako kwa nani, kwa cheo. Usikubali kupewa jumla.

Ukikuta ziada kubwa, usipige makofi mara moja. Uliza kazi gani iliyopangwa haikufanyika. Chanjo ambayo haikununuliwa inaonekana kwenye hesabu kama akiba.

Na hati safi isikulaze. Maana yake ni kwamba namba zimeandikwa inavyotakiwa. Haisemi kama kilichonunuliwa kilikuwa na maana. Fungua kiambatisho cha hoja za ukaguzi za miaka iliyopita, nyuma kabisa, kwenye herufi ndogo, na tafuta hoja inayojirudia kwa maneno yale yale, pengine wamebadilisha tarehe tu, na jibu la menejimenti likiwa "tumepokea ushauri na utekelezaji unaendelea". Hiyo ndiyo uibebe kwenye kikao chako cha kwanza, na usiondoke bila kuandikiwa kwenye muhtasari ni nani atakayeifunga na kwa tarehe gani.